Siku Mwansa Alipotoa Sauti

Haya nilielezwa na Chola mwenyewe, mwaka ule mvua ilipokawia hata Krismasi ikapita kavu. Tulikuwa tumeketi Makomeno, mlangoni kwangu, tukichambua lengalenga. Yeye alikuwa mama mzima, mimi mke mchanga niliyekuwa ninamlalamikia mama mkwe wangu tangu asubuhi. Akaweka chini majani yake, akaniambia, "Weye hapana jua kintu ya bukwe. Kala pale nikuelezee." Ninaandika kama alivyosema. Pale nilipoongeza, nimeongeza chumvi tu, si nyama.

Vita ya wazungu ilikuwa imekwisha, na katika Élisabethville kampuni ilikuwa inawajengea wafanyakazi nyumba za matofali, zimepangwa mistari kama meno. Nyumba ya Chola na mume wake Alphonse ilikuwa na vyumba viwili, na jiko nyuma lenye paa la bati. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwambia pole. Ndimo humo alimokuja Mwansa, mama yake Chola, kumwona mjukuu wake Edith, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Mwansa alitoka mto Lufita, kwa miguu kwanza, halafu kwa gari moshi, na kikapu kichwani. Huko kwao ndugu yake wa mwisho alikuwa amekufa. Serikali ilikuwa imewahamishia watu wengine kando ya barabara kubwa. Na paa la nyumba yake lilianguka usiku yeye akiwa ndani, upande asiolala.

"Lingeanguka upande wa pili," alimwambia Chola, "nisingekusumbua."

Chakula hakikuwa shida, kwa maana Mwansa alikula kama ndege. Shida ilikuwa Alphonse. Kwa watu wa Lufita, mkwe na mama mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawali sahani moja, na mkwe hasikii sauti ya mama mkwe wake, mpaka siku mkwe atakapoingizwa kwa sherehe yake. Huo ndio bukwe. Alphonse hakuwa ameingizwa. Alimwoa Chola papo hapo kambini, mikononi mwa mjomba wa Chola, aliyemleta mjini akiwa mtoto na kumlea, na Mwansa alikuwa mbali.

Basi Alphonse akitoka kazini kwenye tanuru, alianza kukohoa tangu kwenye bomba la maji la kambi. Kikohozi kilikuwa hodi. Mwansa akikisikia, alijifunika kitambaa kichwani, akatoka mlango wa nyuma, akaenda jikoni kwa Clotilde, jirani yao. Na huko ndiko alikolala. Wiki moja Alphonse alishikwa na kikohozi cha kweli, na mama wa watu akashinda njiani kati ya majiko mawili.

Clotilde alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Baba yake alikuwa wa Lufita kama Alphonse, kwa hiyo alihesabika dada ya Alphonse kila hesabu ilipotakiwa.

"Nyumba yenu iko sawa tundu ya panya," alimwambia Chola. "Moja anaingia, mwingine anatoka. Sasa panya yenyewe itakutana siku gani?"

"Hapana cheka, yaya," alisema Chola, maana yake dada mkubwa.

"Mi sicheki. Ninauliza tu. Mama yako anakanyaga sufuria yangu kila asubuhi akikimbia."

Halafu likaja la karatasi. Mgeni kambini alitakiwa kuwa na karatasi, na karatasi ilitolewa na mzungu msimamizi wa kambi, ambaye watu walimwita Changachanga. Alimpa Mwansa ruhusa ya kumsalimia mjukuu. Ruhusa ikaisha. Jumatatu akaja Chomba, polisi wa kambi, kofia kwapani.

"Mama Edith," alimwambia Chola, "Changachanga anasema mutoto anasha kusalimiwa."

"Mama yangu iko muzee, Chomba. Aende wapi?"

"Samedi kamyo itabeba bageni bote ku gare." Yaani Jumamosi lori lingewapeleka wageni wote stesheni.

"Ku gare apande, ashukie wapi?"

"Kwabo."

"Kwabo hakuna bantu."

Chomba alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alisukwa nywele na Chola. "Bantu hakuna," alisema, "lakini gare iko." Akavaa kofia yake, akaenda.

Mwansa alikuwa jikoni, anapepeta unga. Chola alipomweleza, hakuacha kupepeta. "Nitarudi," alisema. "Upande mmoja wa paa bado upo."

 Chola anasema mama yake angelia, yeye asingeumia hivyo.

* * *

Jioni ile Alphonse alikwenda misheni kama kawaida. Père Adalbert, padri wa parokia, alikuwa anatafuta kuiandika lugha ya Lufita, apate kutoa kitabu cha sala. Wazee wa Lufita walizidi kufa, na watoto wao kambini walisema Kiswahili hata ndotoni. Alphonse alikuwa mwandishi wake. Sikio lake lilikuwa bado la Lufita, lakini mdomo wake ulikuwa umekaa sana shuleni, na padri alitaka mdomo ambao haujakaa popote.

Kilufita, padri alikwisha kuambiwa, kina sauti ya juu na sauti ya chini, na mtu asiyezipandisha na kuzishusha anaongea kama mgonjwa wa homa. Sasa Père Adalbert alikuwa na njia yake. Mtu akitamka neno, yeye alilitafuta kwenye kinanda cha kanisa, kidole kwa kidole, mpaka kinanda kiseme kama mtu. Halafu mwandishi aliweka kijistari juu ya silabi ya juu. Kwa kuwa mikono ya padri ilikuwa kwenye kinanda na miguu yake inakanyaga pampu, kalamu ilibaki kwa Alphonse.

Alphonse alimweleza habari ya Mwansa. Padri alifurahi hata akasimama.

"Juu ya nini hukusema mbele? Mwenye kutoka Lufita yenyewe! Mulete. Kama anakuwa mwalimu yangu, mi mwenyewe nitasema na Changachanga. Atapata karatasi ya misheni, atakala."

"Mon père, haiwezekane. Iko mama ya bibi yangu."

"Basi muko famille. Muzuri zaidi."

Alphonse alitazama viatu vyake. Padri alikaa Kongo miaka mingi, na mambo mengi aliyajua, lakini alizaliwa kwenye nchi ambayo mama mkwe anakaribishwa kahawa.

Wakapatana hivi. Mwansa angeketi chumba cha mavazi ya padri, nyuma ya mlango. Alphonse angeketi kanisani, ameupa mlango mgongo. Chola angesimama mlangoni, alipokee neno kwa mama na kulitoa nje kwa sauti. Na padri kwenye kinanda.

Jumanne wakaanza. Padri aliinua jiwe. Chola akamwuliza mama yake. Mwansa akanong'ona, kwa maana mkwe alikuwa nyuma ya mbao tu, na kwa Lufita mwanamke anayepaza sauti mkwe akiwa karibu ni kama amemrushia maji machafu. Chola akalitoa neno nje. Padri akatafuta. Kinanda kikajibu kidole kile kile, silabi zote.

"Encore, tena," alisema padri. Akainua mshumaa. Akaonyesha mkono, sikio, mbuzi wa jirani aliyepita dirishani. Mwansa akanong'ona, Chola akatoa, kinanda kikasema tii, tii, tii, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Mnong'ono hauna juu wala chini, jaribu mwenyewe. Na mdomo wa Chola ulikuwa wa kambini.

Padri akageuka. "Alphonse, hii njo namna banasema kwenu?"

Alphonse alijua si hivyo. Lakini kusema si hivyo ni kukubali kwamba amesikia nyuma ya mlango. "Mon père," alijibu, "mi nilisikia Chola tu."

Padri akafuta miwani yake. Aliangalia karatasi isiyo na kijistari hata kimoja, na Chola aliona uso wake ukianza kupata raha, raha ya mtu aliyeogopa mlima akakuta ni uwanja.

"Balinidanganya," alisema padri. "Kilufita hakina juu, hakina chini. Ni sawasawa kabisa! Mupiga chapa atafurahi." Halafu akamwangalia Chola kwa upole. "Basi, mama muzee asiteseke. Mudomo yako inatosha. Mutu mwenye kunong'ona, siwezi kumwambia Changachanga ya kama ni mwalimu."

"Mon père, mama ananong'ona juu ya mukwe."

"Basi aseme."

Chola aliingia ndani. Mwansa alikuwa ameketi kati ya makanzu ya misa yaliyotundikwa, kitambaa usoni.

"Mama, padri anataka utoe sauti."

"Mbele ya mkwe?"

"Usipotoa, ni kamyo."

"Basi ni kamyo," alisema Mwansa. "Kamyo haina aibu."

* * *

Njiani Chola alikanyaga vumbi kwa hasira. Alphonse alitembea mbele, mbali, kama mtu asiyewajua. Kumbe naye alikuwa na moto wake, maana walipofika nyumbani, na Mwansa akiwa kwa Clotilde, alipiga meza.

"Mi ninafanya nini? Nijizibe masikio na nta? Niende nikae Kipushi mpaka afe?"

"Hapana sema kufa."

"Ninasema juu ya bukwe yenyewe. Iko nzito kuliko shaba."

"Basi uingizwe, Baba Edith."

"Niingizwe wapi? Mama yako hana nyumba."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Mkwe anaingizwa nyumbani kwa mama mkwe. Anapikiwa kwenye mafiga ya mama mkwe mwenyewe, yaliyokatwa kwenye kichuguu, ndani ya nyumba ya mama mkwe mwenyewe. Kabla hajala, mama mkwe anasimama mbele yake na kumtajia, kwa sauti wazi, kila kosa alilomwekea moyoni tangu siku ya ndoa. Mkwe hajibu. Anapiga makofi ya heshima tu. Kosa ambalo halikutajwa siku hiyo linamezwa, wala halitajwi tena mpaka kaburini. Halafu anakula, na bukwe umelegea: wataonana, wataongea, wataulizana chumvi.

Lakini nyumba ya kambi ni ya kampuni, jiko ni la kampuni, hata moshi ulikuwa na saa zake. Kwenye jiko la bintiye Mwansa hakukubali: huwezi kumkaribisha mtu kwenye nyumba yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Chola alimfunga Edith mgongoni, akachukua jembe, akaenda kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya kambi. Akakata mafiga matatu, akayatengeneza kwa kisu, akayaweka kwenye beseni, akajitwika. Getini Chomba akamsimamisha.

"Ile kintu gani?"

"Budongo."

"Budongo ya kampuni?"

"Ya muchwa."

Chomba aliyazunguka yale mafiga. Alipitisha kichwani amri zote za kambi, na juu ya mchwa hakukuta neno. "Pita," alisema.

Chola akaenda moja kwa moja misheni. Nyuma ya chumba cha mavazi kulikuwa na kibanda ambamo waashi waliweka chokaa, na sasa chokaa ilikuwa imekwisha.

"Mon père, ninaomba ile kibanda. Mama yangu apikie mukwe wake."

"Hapikake kwenu kila siku?"

"Alphonse hajakula mukono yake hata siku moja. Akila, mama atasema. Atasema na nguvu, utachoka weye mwenyewe."

"Bien. Achukue."

"Hapana, mon père. Lazima useme na kinywa: hii nyumba ni ya Mwansa."

Padri alikiangalia kibanda. Hakikuwa na mlango. "Chola, hii ni ya askofu."

"Kesho tu."

"Kesho," alisema padri polepole, kama mtu anayetia sahihi, "hii nyumba ni ya Mwansa."

Jioni Chola alimpeleka mama yake akaione. Mwansa alizunguka ndani, akagusa ukuta, vidole vikatoka vyeupe. Akainua macho kwenye paa, akalitazama muda mrefu, pande zote mbili. Halafu akapiga magoti, akaanza kupanga mafiga.

* * *

Ijumaa Alphonse alitoka kazini, akaoga, akavaa shati la Jumapili. Clotilde, kama dada yake, alimfunika kitambaa kichwani, akamshika mkono, akamwongoza kama kipofu kupita kambini. Watu walitoka milangoni.

"Banamupeleka wapi?" aliuliza mmoja. "Prizo, gerezani?"

"Ku bukwe," alijibu Clotilde. "Prizo banatokaka."

Walimketisha kwenye mkeka ndani ya kibanda. Kuku alikuwa kwenye chungu, na samaki wa kukausha, na sombe ya majani ya muhogo, na ugali wa bukari chini ya kawa. Moshi ulijaa mpaka machoni. Padri alikuwa amesukuma kinanda chake hadi dirisha la chumba cha mavazi, ambalo lilitazama kibanda, na alikuwa ameketi tayari, mikono magotini. Alphonse alipewa kalamu na karatasi. Walikwisha kuuliza, na Mwansa alisema kuandika si kujibu.

Clotilde akavuta kitambaa.

Mkwe na mama mkwe wakatazamana. Chola anasema alishangaa kuona kwamba walilingana urefu.

Mwansa hakuanza mara moja. Koo lilikuwa limezoea mnong'ono. Alijaribu, ikatoka hewa. Chola alishika ukuta. Nje, kwenye barabara ya misheni, kamyo ya kampuni ilipita na kelele zake, na labda ndiyo iliyomsukuma, kwa sababu ghafla Mwansa alifungua kinywa, na sauti ikatoka kama maji yaliyovunjiwa ukingo.

"Wewe Alphonse, mkwe wangu!"

Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena pale ambapo Chola hakuitazamia. Dirishani kinanda kikashtuka, kikaanza kumfuata.

"Ulimchukua mwanangu kwa mjomba. Mjomba hakuzaa! Mlangoni kwangu hata jembe hukuleta!"

Alphonse akapiga makofi. Akaandika.

"Unakohoa kama mbuzi aliyemeza kamba! Mtu hajui akimbie au akulete dawa!"

"Pole pole, mama!" aliita padri, miguu yake inakanyaga. "Alphonse! 'Mbuzi', inaanza juu?"

"Juu, mon père."

"Na 'kamba'?"

"Chini. Halafu inapanda mwishoni."

Kinanda kikasema mbuzi, kikasema kamba. Clotilde alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka.

"Unakula nyama kwanza na mboga nyuma, kama mtu asiye na kesho! Jumapili wewe una viatu, mwanangu ana miguu! Alipokuwa na mimba alichota maji bombani, na wewe uko ndani unasoma. Unasoma nini? Maji yanasomwa?"

"Encore une fois," alisema padri. "Ile ya maji."

Mwansa hakujua Kifaransa, lakini alielewa kwamba kuna mzungu anayeomba makosa ya mkwe wake yarudiwe. Chola anasema hajawahi kumwona mama yake na uso kama ule. Aliirudia ile ya maji, taratibu, silabi kwa silabi, na kinanda kikaipiga yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watoto waliokusanyika nje ya ukuta wakaishika kama wimbo.

Alphonse alikuwa anaandika, jasho linadondoka kwenye karatasi. Kila kosa aliliandika kwa mkono wake, akaliwekea vijistari vyake mahali pake, akasoma padri alipomwambia soma, juu juu, chini chini, bila kuruka hata kimoja. Chola hakujua amwonee huruma au ajivune. Hakuwahi kumwona akisema Kilufita vizuri namna ile.

Mwisho Mwansa alinyamaza. Alikata tonge la bukari, akalichovya, akampa mkwe wake mkononi. Alphonse akala. Alikula kuku, akala samaki, akala sombe, akakomba chungu. Chola anasema ilikuwa hofu. Alphonse mwenyewe, mpaka uzee wake, alisema ilikuwa tamu.

Padri alitoka kwenye kinanda amelowa mgongo. "Na mi nilisema ni sawasawa," alisema. "Hii ni misa ya Pasaka." Akapanda pikipiki yake, kanzu imepandishwa magotini, akaenda kwa Changachanga kabla ofisi haijafungwa.

Walimngoja kibandani. Hakuna aliyeosha chungu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya bomba la moshi la tanuru pikipiki iliposikika tena, na Chola alisimama, akaketi, akasimama.

Padri alikuwa ameshika karatasi. "Mwansa, mwalimu wa misheni," alisoma. "Anakala. Changachanga aliuliza: mpaka wakati gani? Nikamujibu: mpaka kitabu itaisha."

"Na itaisha wakati gani, mon père?" aliuliza Alphonse.

"Leo tulifika ku mbuzi."

Chola akamfasiria mama yake. Mwansa aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Mwambie," alisema, "lugha ni ndefu."

* * *

Usiku ule Mwansa hakulala kwa Clotilde. Chola alimtandikia mkeka chumba cha mbele, chini ya paa la kampuni, na yeye na Alphonse na Edith wakaingia chumba cha nyuma. Nje, Clotilde alikuwa anaosha sufuria zake, anaimba ile ya maji kwa pua. Alphonse alivuta blanketi mpaka masikioni.

"Kesho kambi yote itaimba," alisema.

"Batachoka."

"Weye hapana bajua."

Taa ikazimwa. Edith alikuwa amelala zamani. Clotilde naye akaingia kwake, sufuria zikanyamaza. Halafu ukutani, upande wa pili, ikaja sauti. Haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mama anayeongea nyumbani mwa watu wake.

"Baba Edith."

Alphonse aliinua kichwa. Hakuwa amezoea. "Mama."

"Siku haijaisha kabla watu hawajalala. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi kuna moja nililisahau."

Chola akafumba macho gizani. Alimsikia mumewe akiketi kitako, akinyoosha mikono yake, akingoja kama alivyongoja kibandani.

"Hukuniita mapema," alisema Mwansa.

Alphonse hakujibu, kwa maana haijibiwi. Alikutanisha mikono yake akapiga makofi, polepole, asimwamshe mtoto. Alipiga muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Upande wa pili mkeka ulilia mara moja, Mwansa akijigeuza, na pumzi yake ikatulia. Makofi yakapungua, yakaisha. Alphonse akalala vile vile alivyoketi, mgongo ukutani, na Chola akamvuta taratibu, akamfunika, akabaki anawasikiliza wote watatu mpaka na yeye akalala.